Likizo ya Juni kwenye maporomoko ya maji: nianzie Sanje, Uru au Kalambo?

Baba Wawili wa Kimara

Ndugu zangu, habari za leo. Shule zikifungwa mwezi Juni nitakuwa na siku tisa za likizo, na safari hii nimeahidi nyumbani kwamba hatutakwenda ufukweni bali tutazunguka kutazama maporomoko ya maji. Tutakuwa watu watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 9, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 68 na magoti yanayomsumbua kila anaposhuka mteremko. Usafiri wetu ni Noah, ambayo kwenye lami hainipi wasiwasi, lakini kwenye matope sithubutu kuitegemea.

Mpango nilioandika kwenye daftari ni kuanza Moshi kwa siku mbili ili tuyaone maporomoko ya Materuni na Kinukamori, kisha kurudi hadi Chalinze na kuelekea Milima ya Udzungwa kwa ajili ya Sanje, halafu kupitia Tukuyu na kumalizia Kalambo, mkoani Rukwa. Mke wangu amelitazama daftari hilo akaniuliza kama ninapanga likizo au ninaomba kazi ya udereva wa basi.

Sababu ya kuuliza mapema ni kwamba mwaka juzi, mwezi Oktoba, niliwapandisha watoto mlimani kwa saa mbili kwenye jua kali, na tulipofika tukakuta utando mwembamba wa maji ukichuruzika kwenye mwamba. Yule mdogo aliniuliza mbona bomba la shuleni kwao lina nguvu zaidi. Sitaki kuulizwa swali hilo tena. Je, mwezi Juni maji huwa ya kutosha katika sehemu zote hizo? Ni wapi ambapo mama anaweza kufaidi safari bila kuachwa garini? Na kama ni lazima nipunguze, nipunguze wapi?

Mtembezi Polepole

Ndugu yangu, nianze na maji, kwa sababu safari ya maporomoko hupangwa kwa kufuata mvua kwanza na ramani baadaye, na watu wengi huigeuza. Kaskazini na Pwani masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli hufuata kati ya Oktoba na Desemba. Nyanda za juu kusini, ikiwemo Rukwa, zina msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Ukiangalia kalenda hizo mbili kwa pamoja utaona kwamba Juni ni mwezi ambao pande zote zimetoka kwenye mvua, mito bado imejaa, na njia zimeanza kukauka kiasi cha kupitika. Oktoba uliyokwenda wewe ni mwisho wa kiangazi, wakati vijito vinavyotegemea mteremko uliofyekwa huwa vimebaki jina. Pale ambapo msitu wa juu bado upo, ardhi huyanywa maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo kwa miezi mingi, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya poromoko linalodumu na lile linaloonekana kwenye picha za Aprili peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza poromoko lina urefu gani, uliza juu yake kuna nini.

Sasa nakuja kwenye daftari lako, na hapa nakubaliana na shemeji. Kutoka Moshi hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, si chini ya kilomita 650, kwa maana ya kutwa nzima barabarani. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na hapo bado hujafika Kalambo. Ukijumlisha yote, siku tisa zako zitagawanyika katika siku tano za kukaa garini na nne za kuteremka haraka haraka, kupiga picha na kuondoka. Mtu mwenye magoti mabovu huumizwa pia na kiti cha gari, si njia ya mlimani peke yake. Chagua upande mmoja.

Mimi ningechagua Udzungwa. Kutoka Dar hadi Mikumi ni takribani kilomita 300 za lami, na barabara yenyewe inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, ambapo watoto wataona twiga, pundamilia, swala na mara nyingine tembo bila kushuka. Heshimu vibao vya mwendo, kwani kila mnyama ana faini yake ukimgonga, na faini hizo zimeandikwa wazi kando ya njia. Mikumi mjini unakata kushoto kufuata barabara ya Ifakara, unapita Kidatu penye mitambo ya umeme wa maji, kisha unaingia kwenye mashamba ya miwa ambayo yanakufuata kwa muda mrefu huku ukuta wa milima ukiwa mkono wako wa kulia. Mang'ula iko kama kilomita 60 kutoka Mikumi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Haina barabara za kuzungushia watalii ndani ya gari. Kila kitu ni kwa miguu. Njia ya Sanje huanzia kijiji cha Sanje, kilomita chache kaskazini mwa Mang'ula, na huchukua kama saa nne kwenda na kurudi kwa watu wasio na haraka. Maji huanguka kwa ngazi tatu, na jumla ya mwanguko ni kama mita 170. Msipande moja kwa moja hadi juu. Simameni kwenye bwawa la chini, watoto waingize miguu, mle chakula mlichobeba, kisha wenye nguvu waendelee hadi pale ambapo bonde lote la Kilombero huonekana likiwa limetandazwa chini kama mkeka. Ndani ya msitu huo anaishi mangabe wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na ambaye hapatikani popote pengine duniani isipokuwa katika milima hiyo. Siahidi kwamba mtamwona, lakini mbega wekundu huonekana mara nyingi, na kelele zao zitawafikia kabla ya wao wenyewe.

Neno moja la ziada kuhusu wakati wa siku. Upande huo wa milima unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja kwenye maji, na upinde wa mvua hutokea pale jua linapokuwa mgongoni mwa mtazamaji. Kufika alasiri ni kuyakuta maji yamo kivulini. Anzeni kupanda saa moja na nusu asubuhi. Hata jua la mgongoni litakuwa bado halijawa adhabu.

Mwana wa Uru

Mtembezi amesema vizuri, ila nahisi ameiruka Moshi kama mtu anayeruka dimbwi. Naomba nitetee nyumbani.

Kwa familia yenye bibi, sioni mahali panapofaa kuliko Uru na Marangu. Materuni iko kama kilomita 15 tu kutoka Moshi mjini, na kutoka kijijini hadi kwenye maji ni matembezi ya kati ya dakika 40 na saa moja katikati ya vihamba vya migomba na kahawa. Mama hahitaji kwenda hadi mwisho. Wenyeji huwapokea wageni nyumbani, wanawaonyesha jinsi kahawa inavyomenywa, kukaangwa na kutwangwa kwenye kinu huku wakiimba, na mgeni hukabidhiwa mchi ili naye atwange. Bibi ataketi pale, atakunywa kahawa aliyoitwanga mjukuu wake, na mtakaporudi mmelowana mtamkuta ameshajua habari za ukoo mzima wa mwenye nyumba. Marangu nako, Kinukamori haiko mbali na barabara ya lami, na inateremkiwa kwa ngazi. Hapo watoto watasimuliwa kisa cha msichana aliyepata ujauzito kabla ya ndoa, akaenda kujirusha, akaghairi, kisha akageuka na kukutana na chui. Wamewekewa hata sanamu. Ni kisa kizito kidogo kwa mtoto wa miaka 9, kwa hiyo mzazi aamue.

Naomba pia nisahihishe jambo ambalo hata sisi wenyewe hulikosea tunapowapokea wageni, kwamba maji ya Materuni ni barafu ya Kibo iliyoyeyuka. Ni baridi kweli, yanakata mifupa, lakini sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Wazee wetu walilifahamu thamani ya maji hayo, ndiyo maana walichimba mifongo kuyaongoza kutoka mabondeni juu hadi kwenye vihamba, kila mfongo ukiwa na wenyewe na zamu zake. Mkitembea Uru mwombeni mwongozaji awaonyeshe mfongo unaofanya kazi. Kwangu mimi ni jambo la kutazamwa kama poromoko lenyewe.

Ila niseme ukweli: Juni kwetu ni baridi na mawingu. Maji yatakuwa mengi, migomba itakuwa ya kijani inayong'aa, lakini mlima wenyewe unaweza kujificha siku nne mfululizo. Kama watoto wameahidiwa kuuona Kibo, ahadi hiyo iondoeni mapema. Na mkipita Mombo, msiache kukata kona kwenda Soni, kwenye barabara ya Lushoto, ambako maji yanaonekana karibu kabisa na barabara na bibi hatalazimika kupanda wala kushuka chochote.

Rukwa Juu

Mimi nasema kwa kifupi: Kalambo iondoeni kwenye daftari, na sisemi hivyo kwa kuidharau. Ni mwanguko mmoja usiokatika wa zaidi ya mita 200, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na kuufikia ukiwa umechoka na gari linanuka breki ni kuukosea heshima.

Itengenezeeni safari yake. Mtu anayetoka Mbeya hupita Tunduma, kisha hufuata lami kama kilomita 220 hadi Sumbawanga. Hapo mnalala, na asubuhi yake mnaelekea Matai na vijiji vya mpakani. Upande wetu eneo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuna ngazi za kuteremkia kuelekea chini ya genge. Kuteremka kila mtu hufurahia. Kupanda ndipo watu hukumbuka umri wao, na kwa magoti ya mama hapana kabisa. Miezi ya Februari hadi Mei maji hunguruma na mvuke wake huwalowesha waliosimama mbali. Juni bado ni mazuri, Oktoba mwamba huonekana zaidi kuliko maji.

Binti wa miaka 13 huenda akapendezwa na jambo moja. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walichimba na kukuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa makusudi, na mwaka 2023 walitangaza kwamba yana umri wa angalau miaka 476,000. Ni kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo. Mbao hizo zilidumu kwa sababu zilikuwa zimelala kwenye udongo uliolowa maji muda wote. Mlete akiwa kidato cha tatu au cha nne. Atakuwa na maswali mazuri zaidi.

Nesi wa Bondeni

Nawasalimu wote, na mama mzazi umfikishie shikamoo yangu. Sitaingia kwenye ubishi wa kaskazini na kusini. Mimi nataka kuzungumzia miguu, mbu na mvua ya mbali.

Kwa miguu: yeboyebo na ndala zibaki gesti. Mawe yaliyo karibu na maporomoko huvaa ukungu wa kijani ambao hauonekani ukiwa umelowa, na viatu vya soli laini huteleza kama vimepakwa sabuni. Mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, katika poromoko moja ambalo sitalitaja, niliaminishwa na kijana aliyejitolea kutuongoza kwamba raba zangu za kutembelea mjini zinatosha. Nilishuka hatua tatu kwa hiari na zilizobaki kwa makalio, simu ikaenda na maji, na nikarudi kazini na mkono uliofungwa bandeji huku wagonjwa wakinipa pole. Kila mtu avae kiatu chenye meno, na mama apewe fimbo mbili, si moja. Mzigo wa mteremko hugawanyika na magoti hupumua.

Kwa mbu: Bonde la Kilombero lina malaria, tena si ya kubahatisha. Ulizeni gesti kama ina vyandarua visivyotoboka kabla ya kulipa, na ikibidi bebeni vyenu. Mikono mirefu kuanzia jioni. Mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo na mumwambie mhudumu mlikokuwa.

Kuhusu mvua ya mbali, hili ndilo ambalo watu hulipuuza. Mnaweza kuwa bwawani chini ya jua kali huku mvua ikinyesha mlimani juu yenu, na maji yakateremka kwa ghafla. Mkiona maji yamegeuka rangi, yameanza kubeba majani na vijiti, au sauti imebadilika, tokeni kwanza na mjadiliane baadaye. Wala msiwaruhusu watoto kuogelea pale maji yanapoangukia, hata kama mtu mwingine anafanya hivyo mbele yao. Maji yanayoanguka huvuta chini, na povu halimbebi mtu kama maji yaliyotulia. Kando kando, ambapo mnaona mchanga, panatosha.

Kuhusu bibi kwenda Udzungwa: karibu na lango la Mang'ula ipo njia fupi inayokwenda kwenye maporomoko madogo yaitwayo Prince Bernhard. Si makubwa, lakini ni matembezi ya taratibu ndani ya msitu wenyewe, na mtu wa magoti akipumzishwa mara mbili tatu hufika. Mfanyeni hivyo siku ya kwanza, watu wote watano pamoja, ili naye awe na poromoko lake la kusimulia.

Baba Wawili wa Kimara

Nimesoma yote mara mbili, na mara ya pili nimesoma kwa sauti mezani. Nawashukuru sana.

Tumeamua hivi. Kalambo tumeiondoa, na binti ameandika kwenye daftari lile lile, kwa kalamu nyekundu, "kidato cha tatu". Moshi tumeisogeza hadi Desemba, kwa kuwa tuna harusi ya ndugu huko na kaka wa Uru amenifanya nione aibu kwamba nimekwenda Moshi mara nane na sijawahi kuuliza mfongo ni nini. Juni tutakwenda Udzungwa. Siku ya kwanza tutalala Mikumi ili nisiendeshe usiku, siku nne zitakuwa za Mang'ula, mbili za Morogoro wakati wa kurudi kwa ajili ya vijiji vya Milima ya Uluguru, na siku mbili zilizobaki sitaziandikia kitu. Mke wangu amesema hiyo ndiyo sehemu ya mpango iliyomfurahisha kuliko zote.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, malipo ya hifadhi hufanyika vipi kwa raia? Pili, mama amesikia habari za ngazi tatu za Sanje na sasa njia fupi peke yake haimtoshi. Ameniambia kwa upole kabisa kwamba hatazami picha za simu, anataka kuyaona maji yenyewe. Je, kuna namna?

Mtembezi Polepole

Malipo hayafanyiki kwa fedha taslimu. Mtalipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo mtakayopewa, kwa hiyo hakikisha salio limo kwenye simu kabla ya kufika, maana mtandao kule una siku zake. Ada ya raia ni ya shilingi na ni ndogo kuliko ya mgeni, lakini utaulizwa kitambulisho, na watoto wana kiwango chao. Viwango hubadilika, hivyo piga simu hifadhini wiki moja kabla, na uulize papo hapo gharama ya askari wa kuwasindikiza, kwa kuwa hiyo hutozwa kivyake.

Kuhusu mama, namna ipo, tena haimhitaji apande hatua hata moja. Kabla ya kufika Mang'ula, mnapopita Sanje, milima iko karibu na barabara, na kukiwa kweupe maporomoko huonekana kutoka huko chini kama uzi mweupe ulioning'inizwa katikati ya kijani. Siku mtakayopanda nyinyi, muacheni mama kijijini na mtu mmoja wa kumsindikiza, awekewe kiti mahali ambapo miti haimzibi, na chupa ya chai pembeni. Afike mapema, kabla ya saa tatu, kwa sababu baadaye mawingu huteremka mlimani na kufunika kila kitu. Na mwambie avae kitu chekundu au cha njano, au apewe khanga ya rangi kali ya kutandika mapajani. Kuna mahali kule juu ambapo kijiji kinaonekana chote, na wajukuu watataka kumtafuta.